Sauti ya Muuza Televizyo

Mama Gisèle alikuwa mtu wa kushuku, na hakuona aibu kwa hilo. Akinunua mchele sokoni, alizamisha mkono mpaka chini kabisa ya gunia, aone kama mawe hayakufichwa huko. Mafuta ya mawese aliyaonja kwanza kwa ncha ya kidole. Samaki wa mto Lualaba alimfunua mashavu hata pale mvuvi alipokuwa akiapa kwamba amemtoa majini sasa hivi. Wauzaji wa Kindu walimzoea. Wengine walimpenda kwa sababu hiyo, maana akishakubali kitu, hakurudi tena kulalamika.

Alikuwa na malewa yake, mahali pa kuuzia chakula, upande wa Kasuku, si mbali na mahali watu wanapopanda mitumbwi kuvuka kwenda Alunguli. Meza chache za mbao chini ya bati, masufuria nyuma, na wali wake ambao watu wa pikipiki walikuwa wakiufuata hata kutoka Mikelenge. Biashara ilikwenda vizuri mpaka nganda ya jirani, wanapouza bia, ilipoweka televizyo kubwa ukutani. Tangu hapo, kila siku ya mpira, wateja walikula haraka haraka wakiwa wamegeuza masikio, na wengine walinyanyuka na sahani zao kabisa.

"Mama, chakula yako hatuikatae," Joël, mmoja wa wale wa pikipiki, alimwambia. "Lakini namna gani mutu atakula, anasikia watu wa kule wanapiga makelele, na hajue nani amefunga?"

Basi Mama Gisèle akaamua kununua televizyo. Si kubwa, na si ya bei kali. Moja ndogo ya kufanya kazi kwa betri na jua, maana umeme wa mji ulikuwa unakuja unapotaka. Na pamoja nayo bafu moja, yaani spika ya kukuza sauti, ili mtu wa meza ya mwisho naye asikie.

Duka la kwanza aliloingia lilikuwa na masanduku yaliyopangwa mpaka juu, kila moja na picha ya simba au maporomoko ya maji. Muuzaji alimtajia ukubwa ulioandikwa kwenye sanduku. Mama Gisèle akatoa mkanda wa kupimia nguo kwenye mkoba wake. Muuzaji akacheka, akamweleza kwamba televizyo haipimwi kwa upana, inapimwa kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Akapima hivyo hivyo alivyoambiwa, na bado kioo kilikuwa kifupi kuliko maneno ya sanduku. Muuzaji akaacha kucheka. Duka la pili, picha ilikuwa nzuri ya ajabu: maua, ndege, bahari ya buluu. Lakini alipoomba kuona stesheni ya hapa hapa, akaambiwa antena imeharibika. Aliangalia nyuma ya televizyo, akaona kifunguo kidogo cha kuhifadhia picha kimechomekwa, ndicho kilichokuwa na yale maua yote. Akatoka bila kuaga.

La tatu lilikuwa kwenye barabara ya kwenda kituo cha treni. Halikuwa na jina mlangoni. Mwenyewe aliitwa Mardochée, mwanaume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Watu walisema amekuja kutoka Kalima, hana muda mrefu mjini. Aliuza mpya za bei rahisi na zile za okazyo, zilizokwisha kutumika, alizozitengeneza mwenyewe.

"Hii usinunue," alimwambia Mama Gisèle alipogusa televizyo iliyokuwa mbele. "Iko na mustari. Ukiwasha asubuhi hauoni, ikishapata moto unaonekana."

"Sasa unaiuza ya nini?"

"Naiuza kwa mutu ambaye namwambia kwanza."

Akamwonyesha nyingine, ndogo, nyeusi, ya jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Akaiwasha kwa betri, akatafuta stesheni, akampa kitambaa cheupe akilinganishe na weupe wa kioo. Kwa upande wa bafu, alimwambia asidanganywe na namba kubwa zilizoandikwa kwa rangi ya dhahabu. "Beba," alisema. "Bafu ya ukweli iko na uzito nyuma. Hii nyepesi namna hii, hata waandike nini, itakupigia kelele tu."

Mama Gisèle alibeba, akapima uzito, akaona ni kweli. Na hapo ndipo aliposhuku zaidi. Katika maisha yake hakuwahi kumwona muuzaji anayeponda mali yake mwenyewe. Alijiuliza mtu huyu anataka nini.

"Ngoja usikie ile nzito," alisema Mardochée. Akachomeka waya, akashika mikro ya kusemea, akageuka kidogo kutazama barabara.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Wakaaji wote wa mutaa huu, karibuni."

Mama Gisèle aliweka mkono juu ya meza. Lilikuwa ni lile neno: wakaaji. Lile *aa* la katikati lilivutwa, kisha likaachwa lianguke, kama mtu anavyotua mzigo. Sauti ikiwa kinywani mwa Mardochée ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu yeyote. Ikipita kwenye bafu, aliijua.

"Mama, uko muzuri?"

"Nitarudi," alisema, akatoka.

Wakati wa vita, mji ulipofungwa, Gisèle alikuwa msichana. Askari waliotawala walikuwa ndani. Wapiganaji walikuwa msituni pande zote. Na raia walikuwa katikati, hawana ruhusa ya kutoka kwenda mashambani kwao. Chumvi ilipotea, sabuni ikapotea, kisha chakula chenyewe. Watu walichemsha majani ambayo zamani waliyang'oa tu na kuyatupa. Gisèle alikuwa akikaa kwa dada yake mkubwa, Yaya Jacqueline, na mume wake Louis, aliyekuwa mfanyakazi wa treni wakati ambapo treni zenyewe hazikutembea tena.

Ndipo kamio, lori la askari, ilipoanza kupita. Juu yake walikuwa wamefunga bafu mbili, na sauti ya mwanaume ilisema kwamba njia ya mashamba iko wazi, wamama na watoto waende bila woga. Mara ya kwanza watu walisita. Wachache walienda, wakarudi na mihogo na majani yake ya sombe vichwani, na mtaa mzima ukanuka moshi wa kupika. Baadaye kamio ikapita tena na tena. Asubuhi moja Yaya Jacqueline akafunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu chake kikubwa, akamwambia Gisèle aweke maji motoni. Kabla ya jua kufika juu, zikasikika risasi upande wa mashamba. Nani alipiga, askari au watu wa msituni, hakuna aliyejua kwa hakika, na kila mmoja alimtupia mwenzake lawama. Wengine walisema askari walitaka wanawake watangulie, waone kama njia imetegwa. Yaya Jacqueline hakurudi. Hata kikapu hakikuonekana.

Watu wa mtaa walisema maneno mengi baada ya hapo. Walisema wale wamama walikuwa na tamaa, walisema mwenye akili hasikilizi kamio ya askari. Gisèle aliyasikia. Louis naye aliyasikia, na tangu siku ile hakulitaja tena jina la mke wake mbele ya watu. Lakini uso wa mwenye ile sauti hakuna aliyeuona, maana pale juu ya kamio walikuwa wamekaa askari tu.

Siku kadhaa baada ya kutoka katika duka lile, Mama Gisèle alirudi. Alijifanya kwamba bado anachagua. Alimuuliza Mardochée juu ya betri, juu ya antena, juu ya kamba za kufungia ukutani, mradi tu aendelee kusema. Alifumba macho nusu ili amsikilize vizuri. Wakati mwingine ilikuwa ile sauti. Wakati mwingine ilikuwa ya mzee tu mwenye kifua kibovu.

"Papa Mardochée, weye ni wa Kalima kabisa?"

"Nimeishi Kalima muda murefu."

"Na wakati wa vita?"

Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo. Mkono haukusimama, lakini ulikwenda polepole. "Huku na huku," alisema. "Kama watu wote."

"Kindu ulikuwa?"

"Mama, watu wote walipita Kindu."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Mama Gisèle alirudi nyumbani akiwa na hasira. Kila kitu alichokiona kizuri kwa mtu yule, sasa alikiona kimegeuka. Ule ukweli wake juu ya mistari na namba za dhahabu, labda ulikuwa ni namna ya mtu mwenye kujificha: anatoa ukweli mdogo mdogo ili asiombwe ule mkubwa. Alifikiri kuwaambia watu wa pikipiki. Alijua neno moja tu pale mezani lingetosha, na kabla ya jioni duka lile lisingebaki na kioo kizima. Neno lilimfika mdomoni mara mbili, akilitazama kundi la Joël likila. Akalimeza. Alikuwa hajaona mashavu ya samaki huyu bado.

Mtu pekee ambaye Mama Gisèle alimwambia ni Louis. Shemeji yake alikuwa amezeeka. Alikuja kula kwake mchana, saa ambazo wateja wamepungua, na hakulipa, wala hakuna aliyemuuliza. Mama Gisèle alimwekea sahani, akakaa mbele yake.

"Shemeji, nimesikia ile sauti."

Louis hakuuliza sauti gani. Aliendelea kutafuna. "Wapi?"

Akamweleza yote. Louis alisikiliza huku akitenga miba ya samaki pembeni ya sahani, mmoja mmoja.

"Miaka imepita mingi," alisema. "Sauti ya watu inafanana. Na weye ulikuwa mutoto."

"Nilikuwa na masikio."

"Sasa utafanya nini nayo? Utaenda kumushitaki kwa neno *wakaaji*?"

"Nataka kujua kwanza. Weye unakumbuka lile tangazo?"

Louis alifikiri kwamba anamtania. Alipoona hatanii, aliweka kijiko. Alitazama kwanza barabarani, hakuna mtu karibu. Kisha, kwa sauti ya chini, mzee yule alianza kusema maneno ambayo alikuwa hajayatamka maisha yake yote.

"Wakaaji wote wa Kindu, musikilize. Njia ya mashamba iko wazi. Wamama…" Hapo alikohoa, kikohozi kifupi cha kujifanya, kisha akaendelea: "Wamama na watoto, muende bila woga. Hakuna kitu kibaya kitawapata."

"Mbona umekohoa?"

"Njo ilikuwa vile. Yeye alikohoa pale, akarudilia neno. Umesahau? Watoto walikuwa wanaichezea: wamama, kho, wamama. Hata wale wa kwa jirani, mpaka baba yao akawapiga."

Sasa alikumbuka. Alikumbuka hata yeye mwenyewe, akiosha vyombo, alikuwa anasema wamama, kho, wamama, na Yaya Jacqueline akicheka.

"Shemeji, ile kamio ilipita mara ngapi?"

"Nani alihesabu? Mingi."

"Na kila mara alikohoa?"

"Kila mara."

"Pale pale?"

"Nimekuambia, pale…" Louis akasita. Alimtazama shemeji yake, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo.

"Mutu gani anakohoa nafasi moja kila siku?" aliuliza Mama Gisèle.

Louis alisukuma sahani. "Kaseti," alisema. Akarudia tena, kama mtu anayejifunza neno geni. "Ilikuwa kaseti."

Miaka yote ile walikuwa wamemchukia mtu aliyekaa ndani ya kamio, aliyeamka kila asubuhi na kusema uongo ule upya. Na sasa ilionekana kwamba pengine ndani ya kamio hapakuwa na mtu huyo. Alisema mara moja, mashine ikaendelea. Lakini Mama Gisèle hakujiruhusu kulegea. Aliyesema mara moja naye alisema. Kilichobaki ni kujua alijua nini aliposema.

Alikwenda siku ya mvua, kwa makusudi, akijua hakuna atakayekuwa dukani. Maji yalikuwa yanapiga bati kwa nguvu na barabara imekuwa tope jekundu. Mardochée alikuwa amefungua mgongo wa televizyo moja, amepanga vipande vyake juu ya gazeti. Alimkaribisha, akamsogezea kiti. Mama Gisèle hakukaa.

"Papa Mardochée, niseme kile kimenileta. Nataka useme lile tangazo, mbele yangu."

Aliyategemea maneno mawili tu: tangazo gani? Kama angeyasema, alikuwa tayari kutoka na kwenda moja kwa moja kwa kina Joël. Mardochée hakuyasema. Aliweka bisibisi juu ya gazeti. Aliondoa miwani yake, na bila miwani macho yake yalionekana madogo na ya kuchoka.

"Ni nani wako alikwenda?" aliuliza.

"Yaya yangu. Sema."

Akasema. Hakutumia mikro, na mvua ilikuwa inafunika nusu ya maneno, lakini Mama Gisèle aliyasoma mdomoni mwake. Wakaaji wote wa Kindu, musikilize. Njia ya mashamba iko wazi. Wamama…

Aligusa kifua chake.

"Hapa nilikohoa," alisema. "Nilikuwa na malaria. Niliwaomba nirudilie toka mwanzo, sababu ilikuwa imeharibika. Mukubwa wao akasema inatosha, akatoa kaseti."

Mama Gisèle ndipo alipokaa. Hakuwa amemtajia kikohozi. Hakuwa amemtajia kaseti.

Mardochée alieleza bila kupamba. Alikuwa fundi wa redio, karibu na kituo cha treni. Walikuja na bunduki, wakachukua ampli yake, bafu zake mbili na betri, wakamchukua na yeye. Siku ile, alisema, wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wamesikilizana kweli, njia ilifunguliwa. Mama yake mwenyewe alikuwa kati ya waliotoka, akarudi na mihogo. Walikula.

"Kama ningejua ni uongo, ningetuma mama yangu?"

"Siku ya kwanza watu walirudi," alisema Mama Gisèle. "Hilo nakumbuka."

"Walirudi. Kisha masikilizano yakafa, na wao walibaki na kaseti. Kesho yake niliwafuata kudai vyombo vyangu, nikapigwa. Nilivuka kwenda Alunguli, nikafuata mto mpaka Lokandu. Kule njo nilisikia habari ya wale wamama. Watu waliokimbia walikuwa wanaisimulia wakikaa motoni, wanaitukana ile sauti. Nilikuwa nimekaa nao. Nilikuwa nakula nao. Nikaacha kusema. Muda murefu pale Lokandu watu walidhani miye ni bubu, wakanihurumia, wakanipa kazi ya kubeba samaki."

"Na miaka yote hii? Ungekuja useme. Watu wangejua."

"Kwa sauti gani, mama?"

Mvua ilipungua, ikaongezeka tena. Mama Gisèle alitazama vile vipande vya televizyo juu ya gazeti, vimepangwa vizuri, kila skrubu karibu na tundu lake. Mtu mwenye mikono kama hii, aliwaza, hapendi kazi iharibike. Ndipo swali jingine likamjia, na likatoka kabla hajalipima.

"Wale askari walikuwa na akili ya kaseti? Ao ni mutu mwingine, fundi, aliwaza kwamba tangazo liwekwe kwa kaseti?"

Mardochée alirudisha miwani yake. Alichukua bisibisi, akaishika kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Uzi ule wa miwani ulikuwa umefunguka, akaufunga tena, taratibu sana. Kisha akainamia ile televizyo iliyo wazi na kuanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa tayari imekazwa.

Mama Gisèle alingoja. Alingoja mpaka mvua ilipokatika na watu wakaanza kupita tena barabarani, wakiruka madimbwi. Mardochée hakuinua kichwa. Basi akaondoka, na wala hakumuaga.

Hakulala vizuri kwa muda baada ya hapo. Aligeuza maneno yale huku na huku kama anavyogeuza nyanya sokoni, akitafuta palipooza. Kikohozi kilikuwa kweli. Siku ya kwanza ilikuwa kweli. Ya Lokandu hakuweza kuyahakikisha. Na lile swali la mwisho lilikuwa limekaa pale pale, halina jibu, na alijua pengine halitapata. Alipomsimulia Louis, mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: kama yule mtu bado yuko pale au amefunga duka.

"Yuko. Nimepita jana, yuko."

"Basi hajakimbia," alisema Louis, na hakusema kama hilo ni zuri au baya.

Mwishoni Mama Gisèle alirudi dukani asubuhi yenye jua, kukiwa na watu wengine ndani. Alionyesha kwa kidole ile televizyo ndogo nyeusi.

"Nachukua hii."

Mardochée alimtazama, akaileta, akaiwasha mbele yake mara nyingine bila kuombwa. Alipomaliza kuifunga alichukua lile bafu zito na kuliweka juu ya sanduku. "Na hii nakupa," alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Haulipe."

"Hapana."

"Mama, televizyo hizi ndogo sauti yao haifike mbali."

"Sitaki kitu cha bure kutoka kwako," alisema Mama Gisèle. "Na cha kununua, nimenunua kile nilichotaka."

Mardochée akaliondoa bafu. Kisha akasema kwamba kufunga ukutani ni kazi yake, anawafanyia wateja wote, na kwamba ukuta wa mbao unataka namna yake. Mama Gisèle alifikiri kukataa na hilo. Halafu akamtajia saa. Ilikuwa ni saa ambayo Louis anakuja kula, na hakujidanganya kwamba ameitaja kwa bahati.

Mardochée alikuja na ngazi begani. Louis alikuwa mezani, mgongo ukutani, na Mama Gisèle alikuwa amemwambia ni nani anakuja. Mardochée alisalimia, "Salama, papa," na mzee akaitikia salama kwa sauti iliyokauka, akaendelea kula. Kwa muda palikuwa na mlio wa nyundo tu. Mama Gisèle alisimama kati yao na mwiko mkononi, asijue kama anamlinda huyu au yule.

Louis alimaliza sahani yake. Alinawa mikono, akaikausha, kisha akasogea mpaka chini ya ngazi.

"Ile siku ya kwanza," alisema. "Njia ilikuwa wazi kweli?"

Mardochée aliteremka hatua mbili ili asiongee naye kutoka juu. "Ilikuwa wazi, papa."

"Watu walienda, wakarudi na chakula."

"Walirudi."

"Kwa hiyo mutu aliyesikia tena sauti ileile, maneno yaleyale, angeamini."

"Angeamini," alisema Mardochée. "Hata miye ningeamini."

Louis alitikisa kichwa polepole. Alirudi kwenye kiti chake akakaa, na alipofungua kinywa hakuwa anaongea na yule mtu tena, alikuwa anaongea na shemeji yake.

"Unaona? Walisema alikuwa na tamaa. Walisema hakuwa na akili." Akagonga meza kwa kidole. "Jacqueline hakuwa mujinga. Alipima. Siku zile za mwanzo alikataa kwenda, unakumbuka? Alienda kwa jirani, akashika ile mihogo waliyoleta, akaivunja aone kama ni mibichi. Akaniambia, Louis, hii imetoka shamba leo. Njo akaamini."

Mama Gisèle hakuwa akijua hilo. Alivuta kiti akakaa karibu naye. Louis alikuwa hajalitaja jina lile tangu vita, na sasa lilimtoka tena na tena: Jacqueline alivyobishana na wauza nguo mpaka wakamfukuza, alivyomkataa yeye Louis mara ya kwanza alipomposa kwa sababu viatu vyake vilikuwa vipya mno na alitaka kujua ameviazima kwa nani. Mama Gisèle alicheka, machozi yakimtoka, akayaacha yatoke.

Juu ya ngazi Mardochée alikuwa amebakiza skrubu ya mwisho. Aliikaza polepole kuliko zote, uso umeelekea ukutani, bila kugeuka hata mara moja. Mama Gisèle aliutazama mgongo wake mwembamba. Alimwamini juu ya mihogo, alimwamini juu ya kikohozi, na palipobaki hakumwamini, na aliona anaweza kuishi hivyo hivyo, akimtazama.

"Ukimaliza," alimwambia, "kuna maji ya kunawa pale nyuma."

Kisha akamgeukia Louis, akamwomba amalizie ile habari ya viatu.